Ndoo ya Magamba

Mkasi wa mama bado unanuka. Nimeuosha kwa sabuni, nimeusugua kwa majivu, nimeuanika juani siku mbili, na bado nikiufungua na kuufunga karibu na pua naisikia: harufu ya chuma kilichokaa ndani ya majani yaliyochemshwa, harufu ya nyasi zilizooza mvuani, na nyuma yake limau. Dada yangu Zaina ndiye aliyenikabidhi siku tulipogawana vitu vya marehemu mama. Kanga zilikwenda kwa shangazi na majirani, sufuria kubwa likabaki nyumbani, na mkasi ule wenye kutu akanipa mimi bila kuuliza kama nautaka. Niliupokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayemshika mkia panya aliyekufa.

Mama alilima atichoki. Kwa ambaye hajawahi kuiona, atichoki ni ua lililokataa kuwa ua. Linatoka juu ya shina nene, duara, la kijani kilichofifia, limevaa magamba tabaka juu ya tabaka kama kakakuona, na kila gamba lina mwiba nchani. Ukiliacha linachanua zambarau, na hapo huwa zuri kweli. Lakini wanaolila hawalisubiri liwe zuri. Kijijini kwetu, juu ya mji wa Lushoto, kila mtu alipanda kabichi, karoti na maharage kwenye matuta yake, na mtu akikwambia amevuna ulijua atakula nini jioni. Mama peke yake alikuwa na matuta manne ya kitu ambacho hata mbuzi wa jirani walikinusa wakapita. Majirani walikiita miiba. Walimuuliza mama kwa utani kama mwaka huu miiba imekubali, naye alijibu imekubali sana, karibuni, nao wakacheka wakaenda zao.

Miche alipewa na mwenye nyumba ya wageni alikokuwa akipika, mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Mama Buti kwa sababu ya mabuti yake ya mpira, ambayo hakuyavua hata jua likiwaka. Baba alikuwa na kazi kwenye mkonge huko Mazinde, bondeni, na alipanda mlima kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: mama, Zaina, mimi, na binamu yetu Rehema, ambaye mama alimlea tangu alipofiwa na baba yake, kaka wa baba yetu.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa akizitayarisha atichoki nyumbani kabla ya kuzipeleka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mkasi mkononi, akikata miiba gamba kwa gamba. Kazi yangu ilikuwa kusugua limau kila alipokata, maana bila limau pale palipokatwa panageuka peusi upesi kama kidonda cha zamani. Vidole vyangu navyo viligeuka vyeusi, na weusi ule haukutoka kwa maji wala kwa mchanga. Ulikuwa mchungu. Chuoni, nikilamba kidole ili nifunue ukurasa wa juzuu, uchungu ulinishika nyuma ya ulimi ukabaki hapo mpaka tunaruhusiwa, na nilikuwa nasoma aya za Mwenyezi Mungu huku uso umenikunjamana. Ustadhi alidhani nina dharau.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Kisha, likizo moja, mama akaniomba nimsaidie kubeba kikapu cha malimau hadi kwenye nyumba ya wageni.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mikaratusi. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, mlango uko wazi upande wa baraza, na nikaona kila kitu tangu mwanzo. Kwanza michuzi. Mama alitenga viini vya mayai mabichi kwenye bakuli, akavipigapiga huku akidondosha mafuta tone kwa tone, mpaka vikawa kitu kizito cha manjano kinachotikisika kama usaha. Mniwie radhi kwa neno hilo, lakini ndilo lililonijia nikiwa na miaka minane, na mpaka leo sijapata jingine. Bakuli la pili lilikuwa la siagi iliyoyeyushwa na kitunguu saumu, nayo kwa baridi ya siku ile ilianza kuganda pembeni kama nta ya mshumaa. La tatu lilikuwa la siki na haradali, limemwagiwa majani mabichi yaliyokatwakatwa, yakaelea juu kama ukoga kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Alivipanga vibakuli vitatu kwenye sinia, katikati akaweka atichoki zilizochemshwa, kijani chake kimekufa, kimekuwa rangi ya sare za mgambo.

Wageni walikuwa sita. Nilitarajia watumie visu na uma, maana tuliambiwa shuleni kwamba Wazungu hawagusi chakula. Wakatumia mikono. Mmoja mwenye ndevu alivuta gamba, akalichovya kwenye ule usaha, akalitia mdomoni nusu, akafunga meno na kulivuta polepole likatoka limekwanguliwa. Kisha akaliweka kwenye sahani. Halikuliwa! Lilikuwa limelowa mate, lina mistari ya meno, na kwenye ukingo wake kulikuwa na mchuzi uliobaki. Akavuta la pili. Wote wakavuta. Sauti ilikuwa ile ya mtu anayechana kitambaa chenye maji. Sahani zao zilijaa magamba yaliyonyonywa, rundo kwa rundo, na walizungumza na kucheka juu ya marundo yale kama watu wasioona walichokifanya.

Walipofika katikati ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya atichoki kuna manyoya. Ni membamba, ya kijivujivu, yameshikana kwa unyevu kama manyoya ya kifaranga kilichofia ndani ya yai. Wale watu waliyakwangua kwa kijiko, wakayasukuma pembeni ya sahani, na chini yake kikatokea kitu laini, cha mviringo, ambacho mama alikuwa amekwisha kuniambia kinaitwa moyo. Mwenye ndevu aliuchovya moyo katika vibakuli vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, akaula akiwa amefumba macho.

Nilifikiri yamekwisha. Mama akatoka, akakusanya sahani, akazileta jikoni. Akachukua ndoo ya bluu yenye kifuniko, na kwa mkono wake mtupu, mkono ule ule ulionifunga kilemba na kunikatia mkate, akayakumba magamba yote yaliyonyonywa akayatia ndani. Ya wote sita. Akafunika, akaitwika kichwani, tukaanza kupanda.

Njia yetu ilikuwa na mwinuko mkali, na mama alipumua kwa shida. Nilimfuata nikiitazama ndoo. Nikasikia magamba yakisogea ndani yake kila alipopiga hatua.

"Mama, hayo tunayapeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Ya nini?"

"Ni chakula hicho. Hakitupwi."

Jioni ndoo ilikuwa imejaa, imewekwa nyuma ya mlango wa jiko. Asubuhi nilipoamka ilikuwa tupu, imeoshwa, imefudikizwa. Na mchana, juu ya makande, mama akatupakulia mchuzi wa kijani ambao sikuwahi kuuona nyumbani kwetu. Nilionja. Ulikuwa mchungu kwa uchungu ule ule wa vidole vyangu.

Mtoto hahitaji zaidi ya hapo. Nilimtazama Zaina akila kwa pupa, Rehema akisafisha sahani kwa kidole, na nikaziona ndevu za yule mgeni ndani ya sahani yao. Nilitoka nje, nikafika kwenye migomba, na kila kilichokuwa tumboni kikanirudi.

Tangu siku ile sikula chakula cha mama. Nilisema nimeshiba. Nilificha matonge kwenye mkono wa gauni nikayapeleka kwa mbwa. Hata chai yake niliipeleka puani kwanza. Mama alinipa dawa ya minyoo, akaniangalia ulimi, akanipaka mafuta tumboni akiniombea dua, nami nikalala nikiikwepa mikono yake kwa sababu nilijua ilikotoka. Mikono ya mama yangu ilinitia kinyaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala sina namna nyingine laini ya kuliandika.

Nilichokula nilikila kwa Shangazi Mwajuma, dada yake baba, aliyekaa matuta mawili chini yetu. Nilikula kwake kama mtu aliyetoka kufunga siku tatu. Siku moja akiwa anamenya magimbi akaniuliza kwa kucheka kama mama yangu amesahau kupika. Nikamwambia.

"Kwetu tunakula mabaki ya meno ya Wazungu."

Kisu chake kikasimama ndani ya gimbi. Aliniuliza mara mbili, nami mara mbili nikamweleza: ndoo, kifuniko, mchuzi. Hakunigombeza. Alinipa sahani ya pili, na nikadhani huo ndio mwisho wake.

Sasa lazima niseme mama alikuwa nani pale kijijini. Alikuwa mwenye mwiko. Kwenye kila shughuli, harusi au maulidi, wanawake walikuja na visu vyao na vigoda vyao, wakachambua mchele, wakakata vitunguu, wakachochea kuni; lakini mmoja tu ndiye aliyesimama juu ya sufuria la pilau na mwiko mrefu kama kasia, akaonja kwa kudondosha mchuzi kiganjani, akasema bado au tayari. Kushika mwiko si kupika tu. Ni kuaminiwa na matumbo ya kijiji kizima. Watu waliotoka hadi Mlola kuja harusini waliuliza nani ameshika mwiko kabla hawajauliza bibi harusi ni binti wa nani. Mama hakuwa na shamba kubwa, hakuwa amesoma, mumewe alikuwa mbali. Alikuwa na mwiko ule.

Harusi ya Rehema ikawadia, na ilifanyika uani kwetu. Mchele ulipandishwa kutoka bondeni, mafiga yakapangwa tangu mapema. Wiki moja kabla, Shangazi alikuja na wanawake wawili, wakakaa, wakasalimiana mpaka salamu zikaisha, ndipo akamwambia mama kwamba safari hii apumzike. Ana kazi nyingi za wageni. Mwiko atashika jirani, Mama Shabani. Mama alisema yeye ndiye aliyemlea Rehema. Shangazi akasema ndiyo maana apumzike, mama wa bibi harusi hachomwi na moto. Maneno yalikuwa matamu na hayakuwa na mlango.

Siku ya harusi, asubuhi, mama alikaa uani kwake mwenyewe kama mgeni. Walimpa vitunguu amenye. Alimenya karai zima, akaliinua akampelekea Mama Shabani, akarudi kwenye kigoda chake. Nami nilikuwa karibu, nikamwona Mama Shabani akilichukua lile karai, akalipeleka nyuma ya nyumba, akaviosha vitunguu upya. Kimoja kimoja. Mama naye aliona.

Aliinuka akaenda kwenye sufuria, labda kwa mazoea tu, akanyoosha kiganja ili adondoshewe mchuzi. Mama Shabani akauondoa mwiko pembeni.

"Mama Zaina, hebu tuambie kwanza," akasema kwa sauti ya utani, wote wasikie. "Meno ya Wazungu yana chumvi yake, au mnaongeza yenu?"

Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao. Mwingine akadakia kwa Kishambaa, nao wakacheka tena. Mama hakucheka. Aliuliza nani kasema neno hilo. Macho ya Shangazi yalikuja kwangu, yakafuatwa na macho ya wengine, na ya mama yakafika mwisho. Nilikuwa nimeshika sahani ya maandazi. Sikumbuki kama niliiweka chini.

Hakunipiga, hakuniita. Aliingia ndani, akatoka na mkasi, akapanda kwenye matuta yake. Aliporudi kanga yake ilikuwa imejaa atichoki. Akakaa katikati ya uani, mahali ambapo kila aliyepita ilimbidi amzunguke, akaanza kukata miiba. Wanawake waliendelea na kazi zao kwa ukimya wa watu wanaosikiliza. Kisha mama akaninyooshea nusu ya limau bila kunitazama, nami nikaenda nikasugua.

Alizichemsha kwenye mafiga yaliyokuwa wazi, muda mrefu, mpaka harufu ile ikatambaa juu ya iliki na mdalasini wa harusi, harufu ya soksi mbichi na majani ya jana, na mabibi waliokaa mkekani wakaziba pua. Michuzi aliifanya mitatu, lakini hakugusa yai. Alipasha samli na kitunguu saumu. Alikoroga maziwa ya mgando na chumvi. Alitwanga pilipili, akaikamulia ndimu. Alipoweka sinia mkekani aliita majina: Shangazi, Mama Shabani, wale wawili waliokuja na Shangazi. Kisha akaniita mimi.

"Njoo, msemaji wa nyumba. Anza wewe, halafu uwaambie vizuri."

Nikavuta gamba la kwanza. Lilikuwa la moto, limelowa, na lilipoachia lilitoa sauti ndogo kama ulimi unaobanduka. Nililichovya kwenye samli, nikalitia kati ya meno, nikavuta. Nyama yake ilikuwa kama utando mwembamba wa tope, mchungu, wenye ladha ya chuma, na samli ikanitiririka kidevuni. Sikujua pa kuliweka gamba. Mama akanyoosha kidole kwenye sinia tupu. Nikaliweka. Lilikuwa na meno yangu.

Wakafuata wote. Shangazi alichagua pilipili, labda ili asisikie kitu kingine. Mama Shabani alichovya kwenye mgando, akakwangua, akakunja uso. Hakuna aliyethubutu kuacha, maana mama alikuwa amesimama juu yetu mikono imekunjwa, na alikuwa uani kwake. Tulikwangua, tukanyonya, tukaweka, na sauti ilikuwa ile ile niliyoisikia barazani kwa Mama Buti. Rundo likakua. Tulipofikia manyoya nilijaribu kumeza nisionekane mwoga. Yakanishika kooni kama vumbi la ghalani, nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Moyo nilipewa mimi. Ulikuwa laini kama jicho.

Mama akachukua ndoo ya bluu. Akayakumba magamba yetu yote kwa mkono wake mtupu, ya Shangazi, ya Mama Shabani, yangu, akaelekea kwenye banda la ng'ombe wetu nyuma ya jiko. Tulimfuata. Ng'ombe alikuwa amelala akicheua, lakini aliposikia tu mlio wa kishikio cha ndoo alisimama, akaja mwenyewe, akatoa kichwa juu ya ubao kabla mama hajafika. Alikuwa anaijua ndoo ile kuliko sisi sote. Mama akamimina, naye akatafuna kwa furaha ya mwenye mazoea ya alfajiri nyingi ambazo mimi nilikuwa nimelala.

"Mchuzi ni vikonyo vya atichoki za shamba langu," mama alisema, akimwangalia ng'ombe. "Nilivimenya mwenyewe. Ndoo ni yake huyu."

Mama Shabani alirudi upesi kwenye mtungi ili asukutue, akachota maji kwa kata, akanywa funda moja, akabaki ameishika kata hewani. Aliuliza nani katia sukari kwenye maji. Shangazi akanywa, naye akashangaa. Nikanywa na mimi. Maji yetu ya kila siku, ya kijito cha pale chini, yalikuwa matamu kama yamechanganywa na asali. Ndivyo atichoki inavyoufanya ulimi. Wanawake wakaanza kucheka, safari hii bila kanga mdomoni, wakapokezana kata, na katikati ya kicheko kile Shangazi aliuchukua mwiko akampa mama kwa mikono miwili.

"Shika, wifi. Pilau isije ikaungua."

Mama aliupokea. Hakutabasamu. Alidondosha mchuzi kiganjani, akaonja, akasema bado. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba, nikitapika moyo.

Sijaipenda atichoki mpaka leo. Nimealikwa kwenye meza za watu wanaoifanya kama ibada, wanaopanga vibakuli vya michuzi saba, na kila mara nimeomba radhi, nimekwenda kunawa mikono. Lakini nilichotaka kuwaambia ni kingine. Mama hakunipiga kwa yale niliyoyasema, wala hakuyataja tena. Ila tangu jioni ya harusi ile, kila sahani aliyoniwekea mbele, kabla hajaiachia, alimega tonge ndani yake, akala, akameza huku akinitazama, ndipo akaisukuma kwangu. Sahani ya Zaina hakuigusa. Makande, ugali, ubwabwa wa Idi, vyote. Nilipoanza sekondari aliendelea. Nilipokuja likizo na wanangu alifanya hivyo mbele yao, nao wakadhani ni desturi ya kwetu. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie basi, mama, yatosha. Nilikula tu.

Mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa, nilikuwa nyumbani nikimlisha. Asubuhi moja nilimpikia uji wa mtama na maziwa, mwepesi, maana koo lilikuwa limekataa. Dirishani kulikuwa na ukungu mtupu. Nilipoleta kijiko mdomoni mwake alikitoa mkononi mwangu, akakitia mwenyewe, akameza kwa maumivu niliyoyaona yakishuka shingoni. Kisha akakirudisha bakulini, akalisukuma bakuli taratibu mpaka likanigusa kifua.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nimeshaonja."

Kijiko kilikuwa na mate yake. Nilikishika, nikanywa uji ule kwa kijiko kile kile mpaka nikafika chini, na yeye akanitazama kooni mpaka nilipomeza mara ya mwisho.